Herufi Iliyo Juu ya Kaburi la Makori

Ipo siku moja, mwanangu Kerubo, ambayo hunijia kila nikishika karatasi yenye maandishi. Weka hicho kisu chini kwanza. Hizo ndizi zitamenywa tu, hakuna anayekufa njaa hapa. Jana niliwasikia wewe na mume wako mkibishana juu ya jina la huyo aliye tumboni, na nilipoingia mkanyamaza kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Mimi si askari wa kunyamaziwa. Lakini kwa kuwa mmefika kwenye mambo ya majina, kuna jambo nililolifanya nikiwa na umri wako, katika boma hili hili la Nyaramba. Mume wako hawezi kukusimulia lote, kwa sababu nusu yake hakuijua mpaka mwaka jana.

Anaitwa Leandro. Lazima umewahi kujiuliza jina kama hilo lilifikaje hapa kwa akina Nyakundi na Ombati. Lilikuja na televisheni.

Niliolewa hapa nikitoka kwetu Nyansiongo, nimemaliza kidato cha nne, na katika wake wote wa kijiji hiki hapakuwa na mwingine aliyefika huko. Wee, nilivimba kichwa! Hata nikienda kuchota maji nilitembea kama mtu anayeenda ofisini. Sasa, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari, na betri ikiisha moto ilipelekwa Keroka kuchajiwa. Jumapili alasiri wanawake tulijazana sebuleni kwake kutazama mchezo wa Meksiko. Nyota wake alikuwa mwanamume mmoja mrefu mwenye mvi kidogo kando ya masikio, Leandro Valsierra. Aliigiza daktari aliyefiwa na mkewe akabaki na watoto watatu. Jina lake ndilo lililotangulia kwenye kioo, nami nililisoma kwa sauti kila Jumapili, na wenzangu wakalirudia: Reandoro! Unajua sisi na herufi L hatupatani.

Mchezo wenyewe ulikuwa umetiwa sauti za Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafasiria. Ubaya wangu ulianzia hapo, mwanangu, kwenye kitu kidogo hivyo. Leandro akisema amechoka, anataka kulala, mimi niliwaambia, "Anasema moyo wake ulizikwa siku moja na mkewe." Wanawake walilia wakapenga kamasi kwenye leso. Nami nilikaa pale nikisikia raha, kwa maana machozi yale yalikuwa yangu. Nilikata picha yake kwenye gazeti lililofungia sukari, nikaiweka ndani ya Biblia. Ndiyo, Biblia. Cheka tu.

Mama mkwe wangu, Magokoro Kwamboka, nyanya wa mume wako, alikuja pia. Alikaa chini mbele kabisa, miguu ameinyoosha, na hakulia hata siku moja. Alikuwa mtu mkavu. Lakini mchezo ukiisha aliwaambia wenzake kwa majivuno, "Mokamwana wangu ana macho yanayoona hadi ng'ambo." Alisema mokamwana wangu, mke wa mwanangu, kama mtu anayetaja ng'ombe wake bora. Hakusoma hata siku moja maishani mwake. Alimwamini yeyote aliyesoma, na mimi aliniamini kuliko wote.

Sasa nikuambie juu ya Makori. Magokoro alizaa wana wawili. Mume wangu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Makori, mpakiaji wa ndizi kwenye malori, na mwaka mmoja kabla sijaolewa lori lao lilipinduka kwenye mteremko wa kuingia Keroka, likamlalia pamoja na mikungu. Hakuwa ameoa. Hakuacha mtoto, hakuacha picha, hata kitambulisho alikuwa bado hajachukua. Magokoro alikuwa akisema jina la mwanawe liliandikwa mara moja tu duniani, kwenye kipande cha karatasi walichomfunga mguuni mochari, na karatasi hiyo ilitolewa wakimwosha ikatupwa. Akazikwa hapo nyuma ya migomba. Na wewe ni Mgusii kama mimi, unajua: mtoto huitwa kwa jina la aliyetangulia, ili jina lizidi kuitwa langoni. Makori aliyekufa bila mtoto angeitwa na nani, kama si kwa mtoto wa nduguye?

Nilipopata mimba Magokoro alinijia na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akasema mara moja tu. "Akiwa mvulana, ni Makori. Sitakuomba kitu kingine mpaka nife."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Ningekuwa na adabu ningemwambia hapana wakati ule ule. Kwa maana nilikuwa nimekwisha kuapa mbele ya wanawake wa televisheni kwamba mwanangu wa kwanza ataitwa Leandro, na walikuwa wakinitania kila Jumapili, naye Magokoro akidhani ni mzaha tu, "Mama Reandoro, shemeji anakuita kwenye kioo!" Halafu niseme ukweli wote, nililiogopa jina la mtu aliyekufa chini ya lori. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho, akija mwisho wa mwezi. Nilipomwuliza alisema mimi na mama yake tuelewane. Wanaume!

Nilijifungua kwa taabu. Sitakutisha na hali yako hiyo, lakini walilazimika kunitoa kizazi ili nipone, kwa hiyo nilijua nikiwa bado kitandani kwamba huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho. Nesi akaja na kadi ya kliniki. Akauliza, "Jina la mtoto?" Nikasema Leandro. Akacheka, "Yule wa televisheni?" Nami, na maumivu yale yote, nikafurahi. Akauliza, "Leandro nani? Kuna nafasi ya majina mengine hapa." Nafasi ilikuwepo, Kerubo. Mstari mzima ulikuwa mtupu. Leandro Makori Nyakundi yangeenea vizuri kabisa, na leo tusingekuwa tunaongea haya. Lakini Leandro Makori halikuwa na mlio wa sinema masikioni mwangu. Nikamwambia nesi, "Leandro Nyakundi, basi."

Nilipofika nyumbani Magokoro alinawa mikono kwanza. Akaipangusa kwa leso, akaichukua kadi kwa vidole vyote kumi, akauliza, "Limeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha. Nikaweka kidole chake juu ya neno Leandro, nikamwambia, "Hapa. Makori."

Akaliangalia kwa muda mrefu. "Na hii ya kwanza, iliyosimama na kunyoosha mguu mmoja?"

"Hiyo ndiyo inayoanza Makori, mama."

Siku hiyo ndiyo inayonijia. Sikuwa na homa, sikushikiwa panga. Mwanamke mzee aliweka kidole chake kwenye karatasi akaniuliza kuna nini hapo, nami nikamdanganya uso kwa uso.

Akajifunza ile herufi. Alikuwa akiichora kwenye majivu hapa mekoni, akiifuta na kuichora tena. Alipaka L kubwa ya makaa kwenye kikapu chake cha majani ya chai, na watu wa kituo cha kupimia chai hawakuuliza kitu, maana mtoto alijulikana kwa majina mawili kama watoto wengi, la kanisani Leandro na la nyumbani Makori. Mume wangu aliisoma kadi alipokuja. Akanitazama, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni, akanyamaza. Tukawa waongo wawili.

Mtoto alipokuwa bado mgongoni, fundi alikuja kutengeneza sakafu ya zizi, simiti ikabaki kidogo. Magokoro akamwomba aipake juu ya kaburi la Makori, ambalo lilikuwa udongo na mawe tu. Simiti ikiwa bado mbichi alitafuta msumari, akapiga magoti, akachora ile herufi yake, kubwa, taratibu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akageuka akaniuliza, "Nimeandika sawa?"

Nikasema, "Umeandika sawa, mama."

Miaka saba ikapita hivyo. Usidhani nilikuwa nateseka. Nilizoea. Mtu huzoea uongo wake kama anavyozoea mlango unaolia.

Leandro akaanza shule, na akili yake ilikuwa kali mno. Alisoma kila kitu, magunia, sabuni, mabango ya duka. Magokoro alifurahi akamwambia, "Sasa nitakupeleka kwa wajina wako ukamsomee." Ilikuwa alasiri, mimi nikichuma maharagwe hatua chache kutoka hapo. Nikawaona wamefika kwenye kaburi wameshikana mikono. Nikaijua saa yangu. Ningeweza kuita, ningeweza kumtuma mtoto chumvi. Niliendelea kuchuma.

"Soma jina lako," Magokoro akasema.

"Hii ni L," mtoto akasema. "L ya Leandro."

"Ya Makori."

"Hapana, Magokoro. Makori inaanza na M. M iko hivi." Akaokota kijiti, akamchorea mchangani karibu na mguu wake, na maskini alikuwa akitabasamu, akingoja asifiwe.

Magokoro aliitazama ile ya mchangani, akaitazama ile ya simiti. Kisha akaja mpaka kwenye maharagwe. Hakupaza sauti.

"Mtoto anasema uongo?"

Nilikuwa nimeshika ganda la maharagwe mkononi na sikujua nilitupe wapi.

"Niliazima macho yako, mokamwana," akasema. "Macho tu. Sikukuomba kitu kingine."

Nikaanza kulia, nikamwambia nitamwita fundi kesho, tutavunja, tutaandika upya, tutaenda kwa chifu tubadilishe karatasi. Akatikisa kichwa. "Iache. Wewe ndiye unayejua kusoma. Utakuwa ukiisoma."

Tangu siku hiyo hakumwita mtoto jina lolote. Jina Makori hakuweza tena kulisema, na Reandoro halikutoka mdomoni mwake. Alimwita "wewe." Alimpa chakula, alimfunika baridi ikizidi, lakini "wewe, njoo," "wewe, kula." Na hapa ndipo ninapoona haya zaidi, kuliko hata ile kadi. Mtoto alinijia akaniuliza, "Mama, Magokoro amekasirika kwa sababu nilisoma vibaya?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Ulisoma vibaya."

Nilisema hivyo, Kerubo, kwa mtoto wa miaka saba. Akaacha kusoma kwa sauti. Mwalimu akimsimamisha darasani aligugumia, akatoka jasho, akakaa chini. Waliniita shuleni mara tatu, nikasema mtoto ana aibu. Aliishia darasa la nane. Wewe husifu mikono yake pale Keroka anapotengeneza simu za watu, na ni kweli ana mikono mizuri. Lakini umemwona akisoma kitu? Husogeza midomo bila sauti, kama anayeogopa kusikiwa. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Magokoro aliishi miaka minne mingine. Alizikwa kando ya Makori. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa boma, nilipewa wasifu wake niusome mbele ya waombolezaji. Nilipofika kwenye watoto wake, jina la kwanza lilikuwa Makori, limeandikwa vizuri kwa mashine, na M yake. Sauti yangu ikaisha. Shemasi alinipokonya karatasi akamalizia, na watu wakasema, tazama jinsi alivyompenda mama mkwe wake.

Sasa mwaka jana. Mume wako alikuja hapa na simu mkononi akasema, "Mama, yule mtu wako wa Meksiko amekufa." Nikamwambia anisomee. Unajua ugonjwa wa sukari umenila macho, herufi kwangu sasa ni siafu wanaotembea. Akasita. Halafu akakaa kwenye kigoda hicho hicho ulichokalia, akanisomea taratibu, akifasiri kutoka Kiingereza, akirudi nyuma pale alipokosea.

Kumbe Leandro Valsierra halikuwa jina la mtu. Alizaliwa Ponciano Huerta, mwana wa mwashi wa matofali. Alianza kwa kufagia ukumbi wa michezo, kisha akawa mtu wa kupigwa kwenye sinema za mieleka, anayeanguka mezani ili shujaa asifiwe. Miaka mingi alianguka tu. Alipopata sehemu ya kusema maneno, wenye sinema walimwambia Huerta ni jina la mashambani, hakuna mwanamke atakayelilia Ponciano Huerta, wakamchagulia lingine kutoka kwenye orodha. Akakubali. Baadaye sinema zikapungua, akaingia kwenye michezo ya televisheni, na hapo ndipo alipokuwa baba mwema wa dunia nzima. Na ile sauti nzito tuliyoipenda hapa Nyaramba, mwanangu, hata haikuwa yake! Ilikuwa ya mtu mwingine aliyelipwa kusema Kiingereza. Uso tu ndio uliokuwa wake.

Alizeeka. Wakamwita kuigiza babu, baadaye babu mgonjwa, baadaye hawakumwita. Alimalizia siku zake kwenye nyumba ya wazee, na hapo alimweleza mwandishi mmoja jambo ambalo lilikuwa likimkaba. Baba yake hakujua kusoma. Mwana alipopata sehemu yake kubwa ya kwanza, mwashi yule alijifunza herufi uzeeni, kwa siri, ili alione jina lake likipita kwenye kioo. Akavaa shati safi, akaenda sinema peke yake. Picha ilipoisha na majina yakaanza kupanda, aliyafuata moja moja kwa midomo mpaka taa zikawashwa. Huerta halikuwepo. Akamwuliza mtu wa mlangoni kama maandishi yale yatarudi tena, labda yalimpita. Mwana aliyasikia haya kutoka kwa mtu wa mlangoni, baba akiwa amekwisha kufa.

Mume wako akafika hapo akaishusha simu. Akasema, "Kwa hiyo mimi nina jina la mtu ambaye hakuwepo."

Nami nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimemwona yule mzee wa shati safi, na nilimwona akiwa na uso wa Magokoro, ameweka kidole kwenye kadi. Nikamwambia Leandro yote, tangu kibuyu cha maziwa mpaka msumari. Nikamwambia, "Siku ile kwenye kaburi hukukosea. Mimi ndiye niliyedanganya."

Nilisubiri anitukane, haki ya Mungu ningeshukuru. Mwanamume mzima wa zaidi ya miaka thelathini alinitazama kama yule wa darasa la kwanza, akasema, "Basi nilisoma sawa."

"Ulisoma sawa, baba."

Akainuka akaenda kukaa kule kwenye migomba mpaka ng'ombe wakakamuliwa. Hajanilaumu mpaka leo. Najua anaumia ndani, nasikia jinsi anavyofunga mlango.

Basi, mwanangu, sitakuambia mtoto aitwe nani. Haki hiyo niliila mwenyewe miaka mingi iliyopita. Mwite Makori, mwite Kwamboka akiwa msichana, mwite jina la mchezaji mpira kama ndivyo mnavyotaka. Lakini sikia ninachokuusia. Jambo usilotaka kulifanya, likatae mbele ya uso wa anayekuomba. Magokoro angelia mwezi mmoja, angeninunia mwaka, yakaisha. Na mtu asiyeona akikuuliza kuna nini hapo, mwambie kilichopo. Usikitie chumvi ili apendezwe, usikipunguze ili wewe upone. Yeye hana mahali pengine pa kuuliza. Na mtoto akisoma sawa, mwambie amesoma sawa, hata kama usomaji wake unakuvua nguo mbele ya watu.

Njoo, weka mkono wangu hapo tumboni. Huyo, anapiga teke! Mungu akufungue salama na mapema, yasikuguse yaliyonigusa mimi. Maziwa yako yawe mengi. Mtoto wako aitwe na watu wanaompenda, na ajibu bila kuogopa. Mume wako amsomee kwa sauti.

Na siku utakayotoka hospitali uniletee kadi. Nitanawa mikono kwanza. Nitaweka kidole changu kwenye mstari, nitakuuliza pameandikwa nini, kwa maana mimi sitaona. Chochote utakachoniambia, Kerubo, nitakiamini.